Chupa inayoruka

[Sauti: pampu ya baiskeli, mlio mkali, watoto wakishangilia]

Mlio huo si risasi. Narudia: si risasi. Ni chupa ya plastiki, maji na pampu ya baiskeli.

Naanza hivyo kwa sababu mwezi uliopita watoto wa mtaani kwetu walirusha chupa kama hiyo usiku, na bibi mmoja jirani akamvuta mjukuu wake chini ya kitanda. Sisi tuliokimbia vita tunamwelewa. Nilipowafuata wale watoto walidhani nakuja kuwagombeza. Kweli nilikuja kwa hilo, lakini pia nilitaka kujua inarukaje.

Chupa inatiwa maji hadi theluthi moja. Mdomo unazibwa kwa kipande cha kandambili kilichopitishwa valvu ya baiskeli katikati, kisha chupa inasimamishwa mdomo chini. Maji hayakubali kubanwa, upepo unakubali. Kila ukipiga pampu, upepo unazidi kubanana juu ya maji na kusukuma pande zote. Mwisho kizibo kinashindwa, kinachomoka. Maji yanarushwa chini, chupa inarushwa juu. Mvuvi wa Tanganyika analijua jambo hili: ukiruka kutoka kwenye mtumbwi, mtumbwi unarudi nyuma. Mwingereza Isaac Newton aliiandika kanuni hiyo mwaka 1687.

Mtoto mmoja akauliza, kwa nini tusitie upepo mtupu? Tukajaribu. Chupa ilipiga kelele, ikaanguka karibu. Upepo ni mwepesi; maji ni mazito karibu mara 800 kuliko upepo wa kawaida, na chupa husukumwa vizuri ikirusha kitu kizito. Ukijaza maji pomoni nayo haiendi, maana upepo hauna pa kukaa. Inajikojolea tu.

Sasa wazazi, sogeeni. Kijana mmoja alitaka kukifunga kizibo kwa waya ili chupa ifike juu zaidi. Nilimnyang'anya ule waya. Kizibo kinachochomoka chenyewe ndicho kinga yetu. Kikifungwa, kitakachopasuka ni chupa, karibu na uso wa anayepiga pampu. Chupa ya kioo, kamwe! Ya maji ya kunywa ni nyembamba mno. Ya soda ya plastiki ilitengenezwa kushika gesi. Iliyokunjika au kukaa sana juani, tupeni. Na ikigoma kuruka, mtu asiinamie juu yake.

Maji yawe yaliyokwisha kufulia, si ya bidoni ya kunywa. Foleni ya bomba mnaijua.

Watoto wetu sasa wanarusha Jumamosi mchana, uwanjani, na wanambishia bibi hodi kwanza. Juzi alitoka na kiti chake.

[Muziki]