Kontrakta Akifilisika, Deni ni la Nani?

(Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Mimi nimesomea ualimu, basi niruhusuni niandike hesabu ubaoni. Hesabu yenyewe ni ya Uingereza, nchi iliyojipa kazi ya kutufundisha namna ya kutawala.

Serikali ya huko, kwa kutaka kupunguza gharama, iliyapa makampuni kazi zake nyingi. Kampuni moja, jina lake Carillion, ilikabidhiwa kutunza majengo ya jela zipatazo 50 za kusini mwa England: mapaa, mabomba, madirisha yaliyovunjika. Zabuni ilizipata kwa kutaja bei ndogo mno. Mafundi wadogo waliofanya kazi chini yake waliweza kungoja hata siku 120 kabla ya kulipwa. Wenye hisa hawakungoja: Juni 2017 waligawiwa faida ya pauni milioni 55. Mwezi uliofuata kampuni ikakiri kwamba thamani ya mikataba yake imepungua kwa pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari 2018 ikafilisika, ina madeni karibu ya pauni milioni 7,000, na fedha mkononi milioni 29 tu.

Je, jela zilifungwa siku ile? La, hasha. Mfungwa hawezi kuambiwa aende kwao kwa kuwa fundi bomba hakulipwa. Serikali iliunda kampuni yake yenyewe ili kuifanya kazi ile ile. Na mwezi Agosti wa mwaka huo huo ililazimika kuitwaa jela ya Birmingham, ambayo kampuni ya G4S ilikuwa imekabidhiwa mwaka 2011. Wakaguzi walikuta uchafu, madawa ya kulevya, na askari jela wengine wamejifungia ofisini.

Sasa tazameni msongamano. Mwaka 2021 serikali iliahidi nafasi mpya 20,000 za wafungwa kufikia katikati ya miaka ya 2020. Hata Septemba 2024 zilikuwa zimepatikana kama 6,500, na makadirio ya gharama yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya pauni milioni 4,000. Jela zikafurika. Tarehe 10 Septemba 2024 wafungwa wapatao 1,700 walifunguliwa kwa siku moja kabla ya wakati wao. Siku kumi baadaye kampuni ya ISG, mojawapo ya zile zilizokuwa zikijenga na kupanua jela, ikafilisika, na watu zaidi ya 2,000 wakapoteza kazi.

Ndugu zangu, kazi yaweza kukodishwa, lakini dhamana haikodishiki. Faida iliwaendea wachache. Hasara ikamrudia mlipa kodi, fundi mdogo, na mfungwa anayelala chini ya paa linalovuja.

Wapo watakaosema: basi serikali ifanye kila kitu yenyewe. Hilo peke yake halitoshi. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947, ulikuwa wa serikali hiyo hiyo ya Uingereza. Ulipoachwa mwaka 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha kupotea. Jambo kubwa ni nani alitazamaye daftari. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Halmashauri zetu nazo hutoa zabuni za madarasa, zahanati na barabara. Diwani akija kuwasifia kontrakta wa bei rahisi, mwulizeni maswali matatu. Hesabu za kontrakta huyo zimekaguliwa na nani? Vibarua na mafundi wake hulipwa baada ya siku ngapi? Na akianguka, nani ataimaliza kazi, kwa fedha za nani?

Asipoweza kujibu, msimpigie makofi.