BAHARI NA MISITU YA KUSINI NI YA NANI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, wavuvi na wakulima, Kilwa Kivinje

Ndugu wananchi, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliotoka baharini alfajiri hii mkaja moja kwa moja hapa kabla ya kulala.

Tumeombwa tuseme juu ya jambo linaloitwa siku hizi mazingira. Neno hili limetujia kwa semina na magari meupe, na wengi wetu tumelizoea kama neno la wageni, la mtu ajaye na karatasi, apige picha, aondoke. Wazo hilo twalikataa tangu mwanzo. Ugomvi juu ya miti, samaki na ardhi ni wa zamani sana katika pwani hii, na waliouanza hawakutoka ng'ambo. Ni babu zetu.

Kila mtu hapa anajua habari za Maji Maji. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa. Shuleni watoto husomeshwa kwamba sababu ilikuwa pamba, kodi na kiboko. Ni kweli, wala hatuna haja ya kuipunguza kweli hiyo. Lakini iko sehemu ya habari isiyosemwa sana. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola yao. Isiyo na mwenyewe machoni pa nani? Kwa mzee wa Umatumbi kila bonde lilikuwa na ukoo wake, na shamba lililoachwa lipumzike miaka kadha halikuwa shamba lililotupwa. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji ikawekwa chini ya mkono wa Serikali yao. Mwaka 1904 ikaja amri ya misitu ya hifadhi.

Sasa fikirini maisha ya mtu wa siku zile. Alikuwa akichimba sandarusi na kugema mpira wa mwituni, akishuka nao Kilwa kuuza, na kwa fedha hiyo akanunua nguo na jembe. Alikuwa akiwinda kwa nyavu pamoja na wenzake, maana bila hivyo nguruwe humaliza mihogo yote. Akaambiwa msitu si wako, uwindaji wa nyavu mwiko, na siku zako za kazi ni za pamba ya jumbe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa. Ikafuata njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma chakula, na wataalamu wa historia wamekadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu ya nchi iliyobaki tupu ndiyo baadaye ikawa pori la wanyama la Selous. Na katika miaka ya 1940 Mwingereza akawahamisha watu wa magharibi ya Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, pori likazidi kupanuka. Basi mtu akikuuliza kwa nini mzee wa Liwale hukunja uso asikiapo neno "hifadhi", usimwambie kwamba mzee huyo ni mjinga. Mwambie anakumbuka.

Wala hatuko peke yetu. Katika India, mwaka 1973, wanakijiji wa Mandal katika milima ya Himalaya walinyimwa miti michache ya kutengenezea zana za kilimo, na miti hiyo hiyo ikapewa kampuni ya kutengeneza vifaa vya michezo. Wakaenda msituni kuikumbatia miti. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Reni, akina mama wakiongozwa na Gaura Devi waliwasimamisha wakataji hali waume zao wameitwa mjini. Brazil mgema mpira Chico Mendes aliwakusanya wagema wenzake wazuie misitu isifyekwe kwa ajili ya malisho ya ng'ombe wa matajiri. Akauawa mlangoni kwake Desemba 1988. Mgema mpira, ndugu zangu, kama babu zenu! Na hapa jirani, Kenya, Bibi Wangari Maathai alianza mwaka 1977 na akina mama wa vijijini kupanda miche. Mwaka 1989 alipoupinga mnara wa ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakubwa walimcheka na kumtukana. Mnara haukujengwa. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Karibu zaidi, hapo Rufiji, mwaka 1997 Serikali iliridhia kampuni moja ifuge kamba kwa maelfu ya hekta ndani ya delta. Watu wa delta walikwenda mahakamani, na mradi ule haukufanyika.

Lakini habari tunayotaka kuikalia leo ni ya baruti, maana hiyo ni yetu wenyewe na haina mkoloni wa kumlaumu.

Sheria ilikataza kuvua kwa mabomu tangu mwaka 1970. Sheria ikakaa kitabuni na bomu likakaa baharini. Mvuvi hana haja ya kuelezwa, lakini wako hapa wakulima wa bara, basi tuseme. Bomu likilipuka haliui changu na tasi wakubwa peke yao. Linaua vidagaa, mayai, na tumbawe lenyewe lililo nyumba yao. Wengi wa samaki waliokufa huzama, mpigaji haokoti ila sehemu. Tumbawe hukua polepole mno, na mwamba uliovunjwa kwa dakika moja utamngoja mjukuu wako. Katika miezi ya Oktoba na Novemba 1996 watu walihesabu milipuko 441 katika ghuba ya Mnazi, Mtwara. Na hapa kwetu, katika mwamba wa Mpovi, ilipata kuhesabiwa milipuko kufika mia kwa muda wa saa sita. Mia! Vita gani hiyo, na adui ni nani?

Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 ndipo wavuvi wa Kusini walipochoka. Hawakungoja kuletewa mtaalamu wa kuwaonea uchungu. Vijiji vya pwani ya Mtwara, Lindi na Kilwa, na Mafia pia, viliungana vikaunda Shirikisho lao la kuhifadhi bahari. Walikutana, wakasemana kweli, wakatumia hata mikanda ya video kuwaonyesha wakubwa wa Serikali mambo yalivyo, maana mkubwa aliyeko ofisini husema hana habari, lakini akiona kwa macho hawezi kusema hivyo tena. Serikali ikaleta jeshi la majini mwaka 1997, na kwa miaka michache bahari ya Kusini ilinyamaza. Mtaona ajabu ya jambo hili. Watu wasio na mashua ya injini wala bunduki, wenye mitumbwi na madema, ndio waliolisukuma jeshi lifanye kazi yake.

Yatupasa pia tuseme lililofuata, ingawa si tamu. Kuanzia mwaka 2003 hivi bomu lilirudi. Doria ilipolegea, wapigaji hawakuchelewa. Aliyekamatwa alirudi nyumbani kwa dhamana kabla shahidi hajamaliza kusimulia aliyoyaona, na shahidi huyo anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake. Kesi zikayeyuka kama chumvi majini. Mwaka 2015, kati ya Machi na Aprili, chombo kilichotembea pwani yote ya nchi kikisikiliza chini ya maji kilinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam, penye mabwana wote wa sheria. Baada ya hapo Serikali ilikaza mkono kweli kweli, vyombo mbalimbali vikaungana, na mabomu yakapungua sana.

Nasi twauliza: samaki wa bomu alikuwa akinunuliwa na nani? Mama anayepara samaki anamjua. Nyama imelegea, mfupa umekatika ndani, damu imevilia. Tajiri wa barafu anamjua zaidi. Kijana aliyepoteza mkono baharini tumemhurumia, na ni haki kumhurumia, lakini aliyemkopesha mashua na kumpa chupa ile amekaa kivulini na mikono yake yote miwili. Kama kamati zetu za ulinzi wa pwani zitamkamata kijana na kumwacha huyo, basi zitakuwa zinachota bahari kwa kifuu.

Tupande bara kidogo. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji. Tulilisubiri kwa muda mrefu, tukashangilia, na bado twalishangilia. Lakini aliyevuka haraka kuliko wote alikuwa mfanya biashara ya magogo. Mpingo, mninga na mkongo ulipita usiku na mchana kwenda bandarini. Shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti mwaka 2007 likaonyesha kwamba halmashauri za wilaya zilipoteza hadi asilimia 96 ya mapato zilizostahili kupata. Yaani katika kila shilingi mia, nne ziliingia mfukoni mwa umma. Mpingo huchukua miaka sabini hadi mia kufikia umri wa kuvunwa. Huko Ulaya unafanywa zumari za bei kubwa mno, na aliyeuchunga tangu mche alipewa fedha ya soda.

Hapa ndipo vijiji vya Kilwa vilipofanya jambo la kujivunia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilisema kijiji chaweza kuupima msitu wake, kuutangaza kuwa hifadhi ya kijiji, kupanga namna ya kuuvuna, na mapato yakabaki kijijini. Wengi waliziacha sheria hizo zilale. Watu wa Kikole na Kisangi, wakisaidiwa na shirika la MCDI lenye makao yake hapa Kilwa, waliziamsha. Mwaka 2009 misitu yao ilipata cheti cha FSC, cheti kinachotambuliwa duniani kote, na ikawa misitu ya asili ya kwanza katika Afrika kupata cheti hicho ikiwa mikononi mwa wanavijiji. Wengine wakafuata, Liwiti, Nainokwe, na Nanjirinji wenye msitu wa Mbumbila, mmoja wa misitu mikubwa ya kijiji nchini. Fedha ya magogo ikajenga madarasa, visima na nyumba za wageni. Babu aliyeambiwa mwaka 1904 kwamba msitu si wako angewaonea wivu wajukuu hawa.

Hata hivyo kazi haijakwisha, wala hatupendi kusifu kupita kiasi. Kanuni za mwaka 2019 ziliongeza mikono na mihuri kati ya kijiji na mnunuzi, na vijiji vililalamika kwamba mauzo yanakwama. Twasema waziwazi kwamba kijiji kilichochunga msitu vizuri hakistahili kutendewa sawa na mwizi wa magogo. Jambo hili viongozi walisikie, nasi tutaendelea kulisema mpaka walichoke.

Na asiyeamini kwamba mikono ya kawaida yaweza kitu, na avuke hapo Kilwa Kisiwani. Magofu yale na ya Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini, maana mawimbi yalikuwa yakiila ardhi chini ya kuta. Kuta zikatengenezwa, na mikoko ikapandwa ufukweni kuyavunja mawimbi. Mwaka 2014 yakatolewa katika orodha ile. Mikoko! Ule ule uliokatwa boriti za nyumba za Uarabuni karne kwa karne.

Sasa, ndugu zetu, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu kwa sheria. Kila mwanachama wetu na ahudhurie, akina mama wakae mbele wala si nyuma ya mlango. Daftari la mapato ya msitu na la ushuru wa samaki lisomwe kwa sauti, magogo mangapi, kilo ngapi, yamenunuliwa na nani, fedha imekwenda wapi. Mtu ye yote asiyejua kusoma na aulize asomewe mara ya pili. Na mwenyekiti akisema daftari limesahauliwa wilayani, mwambieni kwa adabu kwamba baiskeli ziko, njia anaijua, na sisi hatuna haraka, tutamngoja hapa hapa chini ya mwembe mpaka alilete.