Deni na Siku ya Malipo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, leo tulitazame neno tulitamkalo kila siku: deni. Asili yake ni neno la Kiarabu, dayn. Kama khayr ilivyokuwa heri katika ndimi zetu, ndivyo dayn ilivyokuwa deni. Herufi zake ni dali, ya na nuni, na hizo ndizo herufi za neno dini. Katika Sura al-Fatiha tusomayo kila sala, neno hilo dini lina maana ya malipo: twamtaja Mola kuwa ndiye Mwenye Siku ya Malipo. Basi adhaniye kuwa deni ni la dukani na dini ni ya msikitini, ametenganisha maneno ya mzizi mmoja.

Hapa Moshi na katika miteremko ya Kilimanjaro, tangu zama za kuanzishwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, mkulima amezoea kupeleka kahawa chamani, akapokea malipo ya kwanza, na salio akalingojea. Siku za kungoja ndizo siku za deni: sukari na unga kwa mwenye duka, ada ya shule kwa jirani. Kukopa kwa haja si dhambi. Dhambi ni fedha kufika mkononi, kisha mtu akapita njia ya migombani ili mwenye duka asimwone. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha kulipa, amedhulumu.

Siku moja aliletewa jeneza, akauliza kama maiti alikuwa na deni. Alipoambiwa kuwa analo, wala hakuacha cha kulilipia, aliwaambia masahaba wamsalie wao. Yeye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile.

Ndugu zangu, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe, na mashahidi wawepo. Basi leo hii kila mwenye nyumba aandike daftarini anachodaiwa na anachodai, na watu wa nyumbani mwake wajue. Dawa ya deni ni kulipa. Asiyeweza amwendee mdai wake kwa miguu yake, aombe muda. Naye mdai ampe nafasi.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa haki za watu kabla ya Siku ya Malipo. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.