Mgonjwa na Ruhusa ya Mola Wake
(Hotuba iliyotolewa Yiti, Maskati, baada ya sala ya Tarawehe)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wetu, mama zetu na ndugu zangu, Omani inaikumbuka Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, kwa kuwa mwenzetu Mohamed Al-Malki alifika fainali ya mbio za mita 400. Katika michezo hiyo hiyo alikuwako Mmarekani kijana, Gail Devers, aliyetolewa katika nusu fainali ya mbio za kuruka viunzi. Nguvu zilikuwa zimemwishia, wala hakujua sababu. Mwaka 1990 ndipo madaktari walipoyatambua maradhi ya Graves, ambayo huifanya tezi ya kooni itoe homoni kupita kiasi. Tiba ya mionzi nayo ikamdhuru miguu. Ikavimba na kutoka damu, hata wazazi wake wakawa wanambeba, na madaktari wakafikiria kuikata. Tiba iliporekebishwa akasimama tena. Mwaka 1992 huko Barcelona alitwaa dhahabu ya mita 100, na mwaka 1996 huko Atlanta akaitwaa tena, naye akiendelea kutumia dawa.

Ndugu zangu, yeye aliteseka miaka miwili kwa kutoujua ugonjwa wake. Sisi tunao wanaoujua wao, nao wanauficha. Mama ana kisukari, daktari amemkataza kufunga, naye anafunga kwa siri na kuacha dawa, akihofia watu watasema nini. Alasiri huanguka jikoni akitayarisha futari ya wengine. Na ndugu zetu walioko Ulaya, saumu zao za kiangazi ni ndefu zaidi, na hatari ni kubwa zaidi.

Tuzingatie: Aliyefaradhisha saumu katika Suratul Baqara ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa, na amezitaja zote mbili mahali pamoja. Basi anayeikubali ruhusa anamtii Mola yule yule. Mwenye kutarajia kupona atalipa siku nyingine. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka, naye hawezi kufunga, atamlisha maskini mmoja kwa kila siku. Na mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari kufunga, na afunge kwa masharti aliyopewa.

Nasi tulio wazima tuna wajibu wetu. Tusimuulize mtu kwa nini anakunywa maji mchana. Wana wawapeleke wazee wao kwa daktari kabla ya Shaabani kwisha, na fidya isiwe jambo la kuonewa haya ndani ya nyumba.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atutakabalie saumu na fidya zetu, na atujaalie siha ya kumwabudu. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.