Diwani Akifariki, Shughuli za Kata Huendeshwaje?

*Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata iliyofiwa na diwani wake. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wa kata zote.*



Awali ya yote, kwa niaba ya Mkurugenzi Mtendaji na watumishi wote wa halmashauri, naomba kurudia pole zetu kwa familia ya marehemu na kwenu nyote. Wahenga walinena kwamba mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Kuyumba huko tumekuona. Tangu siku za matanga zimalizike, ofisi yetu imepokea maswali mengi kutoka katika kata hii: nani atatusemea barazani? Zahanati tuliyoichangia itaendelea kujengwa? Barua zetu zitapita kwa nani? Uchaguzi ni lini? Nimetumwa kuyajibu maswali hayo, na nitayajibu kwa uwazi, hata pale ambapo jibu halitawapendeza.

Ndugu wananchi,

Naanza na kiti chenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 145 na ya 146, imeweka vyombo vya serikali za mitaa kwa madhumuni ya kuwapelekea wananchi madaraka. Madaraka hayo ni yenu. Diwani huyashika kwa dhamana ya miaka mitano, na dhamana hiyo ikikatishwa na kifo, kiti huwa wazi papo hapo. Hakirithiwi na mtoto wa marehemu, hakishikwi na mtendaji wa kata, wala hakipewi diwani wa kata jirani akikalie kwa muda. Hubaki wazi mpaka wenye kiti, yaani ninyi, mtakapomweka mwingine kwa kura.

Utaratibu wa kufika huko ni huu. Mkurugenzi Mtendaji, ambaye ndiye katibu wa baraza la madiwani, hutoa taarifa ya kifo. Taarifa hiyo humfikia Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, naye huiarifu Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kwamba kata fulani haina diwani. Tume ndiyo hutangaza uchaguzi mdogo pamoja na ratiba yake: siku za kuchukua na kurejesha fomu, siku ya uteuzi wa wagombea, muda wa kampeni na siku ya kupiga kura. Sheria inayotuongoza leo katika mambo hayo ni Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024.

Mtauliza: itachukua muda gani? Tume haina desturi ya kufanya uchaguzi wa kata moja moja kila kifo kinapotokea. Kwa kawaida kata kadhaa zilizo wazi huwekwa katika ratiba moja. Tarehe 13 Julai 2023 ulifanyika uchaguzi mdogo wa madiwani katika kata 14 za Tanzania Bara. Mbunge wa Mbarali, mkoani Mbeya, alifariki mapema Julai mwaka huohuo, na wananchi wa jimbo hilo walipiga kura tarehe 19 Septemba, siku moja na kata nyingine sita zilizokuwa zikichagua madiwani. Kwa uchaguzi mdogo wa tarehe 20 Machi 2024, Tume ilitangaza kata 23. Kwa hiyo kata inaweza kusubiri miezi, na si halmashauri inayopanga siku. Mtu yeyote anayepita vijiweni akiwatajia tarehe kabla Tume haijaitangaza, msimsadiki.

Niseme pia kuhusu madiwani wa viti maalumu, kwa kuwa wengi huuliza. Diwani wa viti maalumu akifariki, hapafanyiki uchaguzi wa kata. Tume huteua mwanamke mwingine kutoka chama kilekile, kwa kufuata orodha ya majina ya chama hicho. Na endapo aliyefariki alikuwa mwenyekiti wa halmashauri, makamu wake huongoza vikao mpaka madiwani watakapomchagua mwenyekiti mpya miongoni mwao. Hivyo baraza zima halikosi kiongozi hata siku moja. Kinachokosa msemaji ni kata.

Ndugu wananchi,

Sasa niingie katika huduma zenu. Yako mambo mengi ambayo watu hudhani humtegemea diwani, kumbe hayamtegemei. Barua ya utambulisho hutolewa na serikali ya kijiji, na ofisi ya mtendaji wa kata iko wazi. Walimu, waganga na wauguzi, maafisa ugani na maafisa maendeleo ya jamii ni watumishi walioajiriwa. Wanaendelea na kazi na wanapaswa kuwahudumia kama kawaida. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, viende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Fedha zilizokwisha kupitishwa katika bajeti ya mwaka huu, unaoishia tarehe 30 Juni, zimepitishwa na baraza zima. Kifo cha mjumbe mmoja hakizifuti.

Kamati ya Maendeleo ya Kata nayo haivunjiki. Diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe, pamoja na diwani wa viti maalumu anayeishi katika kata, kama yupo. Mwenyekiti asipokuwepo, wajumbe humchagua mmoja wao aongoze kikao. Nawaomba waheshimiwa wenyeviti wa vijiji msiseme, kama nilivyosikia mahali pengine, kwamba vikao vimesimama mpaka apatikane diwani. Kata isiyokutana kwa miezi kadhaa hupoteza zaidi ya diwani.

Hata hivyo, sitawaficha. Pengo lipo, na ni la kweli. Yule atakayeongoza kikao cha kata hawezi kuingia katika baraza la madiwani na kupiga kura kwa niaba yenu. Baraza hukutana kila robo mwaka, na kati ya mikutano hiyo zipo kamati za kudumu: ya fedha, uongozi na mipango; ya elimu, afya na maji; ya uchumi, ujenzi na mazingira. Humo ndimo diwani husimama na kuuliza kwa nini barabara ya kata yake imeachwa. Na kwa kuwa maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla ya Julai, kiti kikiwa wazi katika kipindi hicho, kata yaweza kukosa sauti wakati vipaumbele vinapopangwa.

Pengo hilo halizibiki lote, lakini hupunguzwa kwa maandishi. Vipaumbele vya vijiji vikipitishwa katika kikao cha Kamati ya Maendeleo ya Kata na muhtasari ukamfikia Mkurugenzi kwa wakati, vinaingia katika makabrasha ambayo madiwani wote watayaona. Mbunge wenu naye ni mjumbe wa baraza, mpelekeeni nakala. Diwani wa viti maalumu anayeishi kwenu mkabidhini nakala nyingine, kwani yeye anaweza kusimama barazani na kusema.

Ndugu wananchi,

Nimefika katika jambo lililonileta hasa. Waswahili wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kata nyingi, diwani akifariki, hupotea pamoja naye kumbukumbu za kata. Michango ya matofali, orodha ya waliotoa na wasiotoa, makubaliano na fundi, ahadi ya kalavati, mwenye shamba aliyekubali kutoa eneo la kisima: yote yalikuwa katika daftari lake la mfukoni, katika simu yake, au kichwani mwake. Si kwamba alikuwa na nia mbaya. Tulizoea kumaliza mambo kwake, barazani pake, jioni, kwa maneno ya mdomo.

Kwa hiyo tutofautishe vitu viwili. Azimio lililopitishwa katika kikao na kuandikwa katika muhtasari ni deni la halmashauri au la kijiji. Aliyelitetea akifariki, deni linabaki, na diwani ajaye atalikuta. Ahadi aliyoitoa mtu kwa mdomo, hasa ahadi ya kutoa kutoka mfukoni mwake, imekwenda naye. Halmashauri haiwezi kuilipa, maana haikuipitisha. Najua wapo hapa waliokuwa wakisubiri mabati ya namna hiyo. Ni vigumu kulisikia hili, lakini ni heri mlisikie leo kuliko kuzungushwa ofisini mwaka mzima.

Na familia yake pia haidaiwi. Nasikitika kusema kwamba wamekuwepo watu waliokwenda nyumbani kwa marehemu kuulizia ahadi hizo. Msiende kumdai mjane kalavati. Familia imempoteza baba na mume. Ninyi mmempoteza diwani. Mambo ya kata yaletwe katika ofisi ya kata.

Ili yaliyo mazima yasipotee, tunapendekeza mambo yafuatayo yafanyike katika majuma machache yajayo.

Kwanza, kila kijiji kiitishe mkutano mkuu. Orodhesheni miradi inayoendelea, michango iliyokusanywa, kiasi kilichotumika na kilichosalia, na nani anashika fedha hizo. Mwenye risiti alete risiti. Asiye nayo aseme mbele ya wenzake alitoa nini na kwa nani, na iandikwe.

Pili, orodheni ahadi zote mnazozikumbuka, hata zile za mdomo. Kamati ya Maendeleo ya Kata izipitie moja baada ya nyingine. Ile inayofaa ipitishwe upya kama azimio la kata na ipelekwe kwa Mkurugenzi. Hapo ndipo ahadi iliyotaka kufa hupata uhai mwingine.

Tatu, mali ya ofisi irejeshwe kwa heshima. Muhuri wa diwani, majalada, mihtasari na funguo vipokelewe na mtendaji wa kata mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mwakilishi wa familia, kwa hati ya makabidhiano yenye saini za wote watatu. Wasiharakishwe. Na asitokee mtu wa kutaka kupekua simu ya marehemu. Hiyo ni mali ya familia. Kama kuna taarifa ya kata ndani yake, wao wenyewe wataitoa kwa hiari yao. Muhuri huo usitumike tena kwa barua yoyote. Mkiona barua iliyopigwa muhuri huo kwa tarehe ya baada ya mazishi, toeni taarifa.

Nne, michango inayoombwa kwa jina la marehemu ihakikiwe kwa familia kabla ya kutolewa. Msiba huvuta wenye huruma, na huvuta pia wajanja.

Mwisho, naomba niwaombe wale wanaokusudia kugombea. Kukusudia si kosa. Kata inamhitaji kiongozi, na ni vyema wapatikane wengi wenye uwezo ili wananchi wachague. Lakini kampeni ina muda wake uliowekwa na Tume, baada ya uteuzi. Tanga si jukwaa, wala ubani si sera. Nanyi wapiga kura, tunzeni kadi zenu. Atakayepiga kura katika uchaguzi mdogo ni yule aliyeandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura katika kata hii. Ndugu yako wa kata ya pili, hata kama alimpenda sana marehemu, hawezi kukusaidia siku hiyo.

Atakapopatikana diwani mpya, mpokeeni kwa ushirikiano, hata wale ambao hamkumpigia kura. Siku ya kwanza atakapokuja kuwashukuru, mkabidhini orodha tuliyoizungumza leo, ikiwa imetiwa saini na wenyeviti wa vijiji vyote. Mwombeni kila atakalowaahidi liandikwe katika muhtasari wa kikao. Kufanya hivyo si kumshuku. Ni kumlinda yeye na familia yake, na ni kuilinda kata siku ambayo yeye naye hatakuwepo.

Kwa mara nyingine, poleni sana. Mwenyezi Mungu aipumzishe roho ya marehemu mahali pema peponi. Mtendaji wa kata yuko hapa na daftari lake liko wazi. Mwenye jambo la kuandikisha leo asiondoke nalo.