Sotoka na Chanjo Yake



Sotoka iliyowamaliza ng'ombe wa baba zetu ilishindwa kwa kirusi chake chenyewe. Huko Muguga, tangu miaka ya 1950, Dakta Walter Plowright alikikuza kirusi hicho tena na tena katika chembe za figo za ndama, hata jeni zake zikabadilika: kikapoteza ukali wa kuua, lakini kikabaki na uwezo wa kuufunza mwili kujikinga. Mara ya mwisho sotoka ilionekana kwa nyati wa mbuga ya Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 ikatangazwa kutoweka duniani. Lakini ndugu yake, sotoka ya mbuzi na kondoo, ingalipo. Basi twawasihi: siku ya chanjo, mnyama asifichwe malishoni.