Kabla ya Kuwasha Gari la Mbio: Kuchagua Mafunzo ya Udereva

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tukuyu. Msemaji alisoma hapa shuleni, na amekuwa fundi wa magari na mwalimu wa udereva kwa miaka mingi.)



Katibu aliniandikia kwamba nizungumze juu ya "usalama barabarani". Hilo ni jambo pana mno kwa mchana mmoja, na kila mtu amekwisha kulisikia redioni. Nimeomba ruhusa nilipunguze. Mwenzetu mmoja wa darasa letu amenunua Datsun 240Z ya zamani, imefanyiwa matengenezo na kupakwa rangi upya, na anataka kuiendesha kutoka Uyole hadi Matema. Ameniuliza aende wapi akajifunze kuimudu. Tangu asubuhi nimeona vijana wanaizunguka kama nyuki, kwa hiyo jibu langu nalitoa mbele ya wote.

Kwanza tuelewane gari lenyewe ni la namna gani. Datsun 240Z ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969. Injini yake ni ya lita 2.4, silinda sita, nguvu za farasi zipatazo 150, na gari zima lina uzito wa kilo elfu moja na kidogo tu. Nguvu hiyo yote inakwenda kwenye magurudumu ya nyuma. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za ngoma, na hakuna kompyuta yoyote inayozuia tairi lisikwame ukikanyaga breki kwa hofu. Gari dogo la siku hizi analoliendesha mwenzetu kila siku mjini humsamehe dereva makosa mengi bila yeye kujua. Hili halisamehe hata moja. Na hayo ni kweli pia kwa magari mapya yanayotengenezwa kwa sura na tabia ya zamani: nguvu nyingi, uzito kidogo, msaada hakuna.

Wazee wenzangu mtakumbuka jinsi tulivyoyajua magari haya. Safari ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na huku kwetu, na kila mvulana alikuwa na dereva wake. Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka 1973. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba gari ndilo lililoshinda. Lakini tazameni mkazi wetu wa Dar es Salaam, Bert Shankland. Yeye na Chris Rothwell walishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967, na gari lao lilikuwa Peugeot 404, ndugu wa zile zilizokuwa zikibeba abiria na magunia katika barabara zetu. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7. Miaka mitano nyuma yake, mwaka 1963, yalikuwa yamefika 7 vile vile. Joginder Singh wa Kenya alifika mara zote mbili. Mimi nikitaka kumpima dereva, hiyo ya Joginder naihesabu kuliko ushindi.

Sasa nije kwenye barabara yetu, maana mafunzo huchaguliwa kwa barabara utakayopita, si kwa picha za magazeti. Vijana wa Fizikia wanisaidie. Kutoka hapa Tukuyu hadi tambarare za Kyela tunateremka kiasi cha mita 1,000. Nishati ya gari lililo juu lazima iende mahali fulani. Ukitumia breki peke yake, yote inageuka joto kwenye diski na ngoma zile. Chukueni mita 1,000, zidisheni kwa 9.8, kisha gawanyeni kwa nusu ya mraba wa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 na kidogo kwa sekunde. Uzito wa gari unafutika wenyewe pande zote mbili. Mtapata karibu 40. Maana yake, kuteremka kutoka hapa hadi Kyela kwa breki tupu ni sawa na kulisimamisha gari kabisa kutoka kilomita 80 kwa saa mara 40. Kuna nafasi za kupoa njiani, ni kweli, lakini nani kati yetu angekubali kufanya hivyo kwa breki zenye umri wa baba yake? Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi hunyonya maji kutoka hewani. Yakipata joto maji yale huchemka, na mguu unakwenda hadi sakafuni bila kukuta kitu.

Dawa yake kila dereva wa lori anaijua: ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, iache injini ilizuie gari, na breki itumike kwa vipindi. Wanaoshuka kwa frii ili kuokoa petroli wanaokoa shilingi mia chache.

Jambo la pili ni kona. Shika kona ambayo mviringo wake una nusu kipenyo cha mita 50. Lami kavu, tukichukua msuguano wa 0.7, itakuvumilia hadi kilomita 67 kwa saa hivi. Mvua ikinyesha, msuguano ukashuka hadi 0.4, kikomo ni 50. Likipita trekta la chai au lori la ndizi na kuacha tope juu ya lami, tukasema 0.2, kikomo ni 36. Kona ni ile ile, gari ni lile lile, na kwa macho ya dereva mgeni barabara haijabadilika. Mnajua wenyewe mvua za Rungwe: inaweza kuwa jua hapa na ukungu mzito Isongole kwa saa ile ile.

Na hapa ndipo gari lenye nguvu nyuma linapomdanganya mtu. Dereva akiingia kona kwa kasi kupita kiasi, akashtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito wa gari unasogea mbele. Matairi ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia unaanza kutaka kupita mbele. Kila tairi linagusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono tu. Viganja viwili vya nyuma vikiachia, gari linazunguka. Katika Porsche 911 za zamani, ambazo injini yake iko nyuma kabisa, jambo hili ni kali zaidi. Kuondoa mguu, ambako kwa gari la kawaida ndiko kujiokoa, kwa magari haya kunaweza kuwa mwanzo wa ajali. Mtu hawezi kulijua hilo kwa kusoma. Lazima mguu wenyewe ufundishwe.

Basi, ndugu yangu, afundishwe na nani?

Utakutana na walimu wa aina mbili. Wa kwanza atakuchukua siku ya kwanza hadi uwanja mpana, amwage maji, na kukuonyesha jinsi ya kulizungusha gari na kulirudisha. Utafurahi, utapiga picha, utalipa. Nawaomba msikilize habari hii. Mwaka 1979 Norwe iliwalazimisha madereva wapya kupata mafunzo ya kuendesha kwenye utelezi, kwa nia njema kabisa. Utafiti uliotolewa mwaka 1988 ulionyesha kwamba vijana wa kiume waliopitia mafunzo yale walipata ajali nyingi zaidi kwenye utelezi, si chache. Walikuwa wamejifunza ustadi kidogo na kujiamini kwingi. Waliyoyaweza mara tatu uwanjani, mwalimu akiwa ubavuni, waliyaamini usiku barabarani. Nikiisoma habari hiyo nawaona vijana wetu wa bodaboda, na nawaona wazee wenye fedha vile vile.

Mwalimu wa pili atakuchosha. Atataka kwanza kulitazama gari: umri wa matairi (mpira huwa mgumu hata kama meno yangali mapya), mafuta ya breki, mpira wa usukani, mkanda wa kiti. Ataliendesha yeye mwenyewe wewe ukiwa abiria, maana hawezi kufundisha gari asilolijua. Kisha atakuweka kwenye breki kwa siku nzima: simama kutoka 40, simama kutoka 60, simama kutoka 80, pima kwa hatua zako mwenyewe umekwenda umbali gani. Katika lami kavu, ukihesabu sekunde moja ya kushtuka, kutoka 80 utakuwa umekula mita zinazokaribia 60. Katika mvua zaidi ya 80. Mtu akishazitembea hatua hizo kwa miguu, anabadilika uso. Baada ya hapo ndipo macho: kutazama mwisho wa kona, si boneti. Ndipo kupunguza mwendo kabla ya kona na kukanyaga mafuta taratibu wakati wa kutoka. Kuteleza kutakuja mwisho, kwa mwendo mdogo, ili ujue dalili zake na kuziepuka. Huyo ndiye wa kumlipa.

Mwulize maswali machache kabla ya kutoa fedha. Wanafunzi wangapi kwa gari moja? Wakizidi wawili, unalipia kukaa kwenye benchi. Mazoezi yanafanyika wapi? Akisema barabarani, ondoka. Katika barabara ya Uyole kuna watoto wanaotoka shule, akina mama wenye mikungu ya ndizi, bajaji zinazogeuka bila ishara. Hao hawakujiandikisha kwenye mafunzo yako. Je, amewahi kumwambia mteja kwamba hayuko tayari? Mimi swali hili la mwisho nalipenda kuliko yote, na jibu lake huonekana usoni kabla ya kinywani.

Kwa hapa nchini, ushauri wangu ni kwenda kwa ngazi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, kilichoanzishwa mwaka 1975, na vyuo vya VETA, kikiwamo cha Kihonda, Morogoro, hufundisha udereva wa kazi. Mwenzetu atasema yeye ana leseni miaka 30 na hataki kukaa darasani na madereva wa mabasi. Na akae. Hao ndio wanaojua kushusha tani 30 mlimani. Akimaliza hapo, atafute mtu aliyekwisha kuendesha mashindano ya magari ya zamani, hasa huko Kenya, ambako tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, na amlipe siku mbili za kukaa naye ndani ya gari hili hili. Ni fedha nyingi, lakini ni ndogo kuliko alizolipia rangi.

Vijana, ninyi sheria inawataka mfike miaka 18 kwa leseni ya gari, na kabla yake sina cha kuwafundisha nyuma ya usukani. Lakini hesabu za leo mnaweza kuzifanya hata sasa. Nendeni na kamba barabarani mkiwa na mwalimu, pimeni kona tatu kati ya hapa na Kiwira, mkokotoe kikomo cha kila moja kwa lami kavu, kwa mvua na kwa tope. Nimemkabidhi mwalimu wa Fizikia karatasi ya kanuni. Mtakachopata kiandikwe ubaoni pale bwaloni, na nakala moja apewe mwenye Datsun kabla hajaondoka kesho asubuhi.

 Nipo tayari kwa maswali.